Kupanda Umatumbi Bila Klachi

Wenzangu wa kliniki, nimechoka kusimulia kwa vipande. Aliyenikuta kwenye chai amepata habari za mzee kipofu, aliyenipigia simu amepata habari za pango, na yupo mmoja anayetangaza wodini kwamba nilisukuma gari kutoka Rufiji mpaka Kilwa. Sikusukuma. Kaeni niwaambie yote, hatua kwa hatua kama njia ilivyokwenda. Mambo ya kuomba likizo na kufunga mizigo nayaruka.

Morogoro hadi Kibiti

Gari mnalijua. Ni ile pikapu nyeupe ya chanjo, yenye kiti kimoja kirefu mbele, ambayo nilipanda miaka kumi na moja upande wa abiria na kasha la baridi mapajani. Ilipopumzishwa kazi nikainunua mimi, nanyi mkanicheka. Mlisema mtu mzima hanunui gari la gia za mkono siku hizi, wakati wenzake wanaendesha otomatiki, mguu wa kushoto umelala kama uko sebuleni. Kweli nilipata tabu. Kuna siku nililizima mara tatu kwenye mzunguko mmoja, malori yananipigia honi nyuma, nikatamani kushuka niliache palepale na funguo ndani. Lakini baada ya miezi mitatu mguu ukajifunza mahali klachi inaposhika, na tangu hapo sijawahi kuendesha huku nawaza jambo jingine. Gari hili halikuruhusu. Kila mlima, kila tuta, lazima uamue wewe.

Safari yenyewe ilitokana na bibi yangu, Bibi Somoe, mama mzaa mama, anayekaribia miaka tisini na anayeishi Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji. Mwezi mmoja nyuma alikuwa kwenye msiba Kibiti, akasimulia habari za mama yake wakati wa vita vya Maji Maji. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta, mwanamke kutoka milima ya Umatumbi, akaacha kula. Akamwambia, "Bibi, hadithi hiyo tunayo kwetu. Lakini ya kwetu inakwisha vingine."

Bibi akamwomba aimalizie palepale. Yule mama akakataa. Akasema hayo si maneno yake, yana wenyewe, na wenyewe wako juu ya Kipatimu. Akachukua namba ya simu. Baada ya wiki ujumbe ukaja: mleteni Bibi.

Ndipo Bibi akanipigia. "Zaina, una gari. Nataka kupanda kule mama alikotoka."

Basi nikaondoka Morogoro alfajiri, nikaipita Dar es Salaam kwa jasho, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza, mpaka goti likawa linatetemeka lenyewe. Nilipofika Kibiti alasiri nikala wali na kambale wa kuchoma, nikalala chali kwenye mkeka wa watu nisiowajua, na mwenye nyumba akaniuliza kama mguu umevunjika.

Mbuchi

Kuingia delta si kama kwenda mahali. Nchi kavu inapungua taratibu. Kwanza mashamba ya mpunga, na juu ya mpunga yale madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwa miti ambamo watu hukaa kulinda mazao wasiliwe na nguruwe na viboko. Kisha tope. Kisha mikoko inaanza upande mmoja, halafu pande zote, na barabara inakuwa kama ni ruhusa tu ya muda mliyopewa na maji. Niliendesha kwa gia ya pili muda wote, bila kubadili, kwa sababu mtu wa njiani aliniambia, "Kwenye tope ukigusa klachi umekwisha, mama. Shikilia gia moja, mguu wa mafuta uwe mpole."

Barabara iliponishinda niliegesha, nikavushwa kwa mtumbwi. Bibi alikuwa amevaa tayari, kanga mbili mpya, kibegi mkononi. Hata chakula hakutaka ningoje, lakini jirani yake alishapika kamba kwa nazi na wali mpya, na mimi si mtu wa kuondoka mbele ya kamba.

Tulipomaliza kula, Bibi alinipeleka kwenye kaburi la mama yake. Ni mahali palipoinuka kidogo, ambapo maji yakijaa hayafiki. Pale ndipo aliponisimulia hadithi yote kwa mpangilio, maana mimi nilikuwa naijua kwa vipande.

Mama yake aliitwa Siwema. Wakati wa vita alikuwa msichana wa miaka minane au tisa. Watu wa kwao walikuwa wameng'oa pamba ya kulazimishwa, Wadachi, yaani Wajerumani, wakaleta askari, vijiji vikachomwa na maghala ya chakula yakachomwa. Ukoo mzima ukajificha kwenye pango. Walikaa siku nyingi bila kuwasha moto, kwa kuogopa moshi. Maji yalipoisha, akatumwa Siwema, kwa sababu mtoto mdogo haonekani kwenye majani. Akafika kijitoni na kibuyu chake. Askari walikuwa ng'ambo. Wakamwona.

"Akakimbia," Bibi alisema. "Akakimbia mpaka akajikuta katikati ya watu wengine wanaokimbia, asiowajua. Wakashuka naye mpaka mtoni, wakavuka naye, wakaja naye huku kwenye mikoko. Baadaye akasikia watu wanasema askari wamewamaliza waliokuwa mapangoni. Akajua ni nyayo zake. Kwamba wale askari walizifuata nyayo zake nyuma, mpaka pangoni."

"Alikuambia hivyo?"

"Aliniambia mara moja, akiwa anakufa. Alisema, 'Somoe, mimi nilimuua mama yangu.' Maisha yake yote hakuchota maji akiwa peke yake. Mimi nilidhani anaogopa mamba."

Maji yalikuwa yanapanda kwenye mizizi ya mikoko bila sauti, na nilikuwa nikifikiria jambo moja tu: mtoto wa miaka minane, kwa miguu, kutoka kule milimani hadi hapa. Mimi kwa gari nilikuwa naona mbali.

Ikwiriri, siku tatu

Tulipanga kulala Ikwiriri usiku mmoja. Tukalala mitatu.

Nilipokuwa naegesha mbele ya nyumba ya wageni, mwanamume mzee aliyekaa kwenye benchi akageuza uso upande wetu. Nilidhani anatuangalia. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Pampu yako ya klachi inavuja."

"Hujaliona hata gari."

"Sitaliona. Macho yameondoka miaka sita sasa, presha ya macho. Lakini umeingiza gia ya kurudi nyuma, na gia imelia. Klachi haikatiki yote. Mtu anayeendesha vizuri kama wewe gia haimlilii bila sababu."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mzee Shabani. Alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini na zaidi, akibeba ufuta, mpunga na magogo, na njia ya Kipatimu aliipita mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Nilichukia kidogo kuambiwa gari langu lina ugonjwa na mtu asiyeliona. Asubuhi nikaenda kwa fundi ili nimthibitishie mzee kwamba amekosea. Fundi akainua boneti, akapitisha kidole, kidole kikatoka kimelowa. "Raba ya ndani imechoka, mama. Spea haipo hapa. Tuagize Dar."

Tukaagiza. Siku ya pili basi likaleta kifurushi, fundi akakifungua kwa shangwe, na ndani mlikuwa na pampu ya gari la aina nyingine kabisa. Tukaagiza tena. Siku ya tatu basi likaja bila kitu, utingo akaapa kifurushi kiko kwenye basi la nyuma, na basi la nyuma likapita bila kusimama.

Bibi Somoe alikuwa amekaa kwenye kitanda chake na kibegi mapajani, kama alivyokaa siku zote tatu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimemaliza kungoja."

Nilikwenda kwa Mzee Shabani na kumuuliza kama klachi itafika.

"Haitafika. Itakufia kwenye milima."

"Basi siendi."

"Sikusema usiende. Nimesema klachi itakufa. Gari lina klachi ili kukurahisishia wewe, si kwamba bila klachi haliendi. Nina binti yangu ameolewa kule juu, sijamtembelea mwaka wa pili huu. Mkinichukua, nitakufikisha."

Fundi akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona akitambua kila lori linalopita barabarani kwa mlio, na hata kumtaja dereva wake kwa jina.

Kuvuka mto

Kulikuwa na suala la kukaa. Kiti ni kimoja kirefu, na wenzo wa gia umesimama katikati. Bibi alisema hakai dirishani, upepo unamtoa machozi, na Mzee asingefaa kukaa kati yetu wanawake wawili. Hivyo Bibi akakaa katikati, wenzo wa gia baina ya magoti yake. Kila nilipotaka gia ya pili au ya nne nilimwambia, "Bibi, goti," naye akalisogeza. Tulipofika darajani alikuwa hasubiri neno. Akisikia injini inanguruma anasogeza mwenyewe.

Nimelipita lile daraja la Rufiji mara kadhaa maishani, kwa basi, nikisinzia. Safari hii Bibi alisema, "Polepole." Nikashusha hadi gia ya pili, tukatambaa. Ulikuwa mwisho wa masika. Mto ulikuwa umejaa, mpana kiasi kwamba jicho halikujua liushike wapi, rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake miti mizima iliyong'oka inakwenda zake baharini. Nilihesabu kwa kichwa: mtoto yule hakujua kuogelea, alitoka milimani, kulikuwa na mitumbwi ya magogo na watu wanaogombania nafasi, na mamba.

"Walimfunga kwa kanga mgongoni kwa mtu," Bibi akasema hatimaye. "Mwanamke mmoja. Hakuwahi kumjua jina. Walipofika ng'ambo akamfungua, akamweka chini, akaenda zake."

Mzee Shabani alikuwa ametoa mkono dirishani, kiganja wazi, upepo wa mto unampiga. "Umejaa," alisema. "Harufu ya majani mabichi. Umebeba mashamba ya watu huko Mloka."

Njia Nne kupanda

Tukala mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga kijijini Njia Nne, tukaiacha lami, tukaanza kupanda.

Klachi ilikufa kwenye mlima wa tatu. Nilikuwa natoka gia ya pili kwenda ya kwanza, nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini kama mguu umeingia kwenye uji, na haikurudi. Gari likatikisika, likazima. Nikavuta handbreki kwa mikono miwili. Upande wa kushoto palikuwa na bonde lenye vilele vya miti chini yetu.

"Hapo sasa," alisema Mzee Shabani, kwa sauti ya mtu aliyeletewa chakula. "Tulia, mama. Nyuma yetu kuna nini?"

"Mteremko, halafu kabla ya kona kuna tambarare fupi."

"Weka nyutro, achia breki kidogokidogo, turudi mpaka hapo tambarare."

Tukarudi kinyumenyume, mimi nikitazama kioo na Bibi akisoma Ayatul Kursii kwa sauti. Kwenye tambarare akanielekeza. Gari limezimwa. Ingiza gia ya kwanza. Usitafute klachi, sahau kama una mguu wa kushoto. Piga stata. Stata yenyewe italisukuma gari, na injini ikishika umeondoka.

Nilipiga stata. Pikapu ikaruka kama mbuzi aliyechomwa, ikaruka tena, kisha injini ikashika na tukawa tunapanda. Nilipiga kelele. Bibi naye alipiga kelele. Mzee Shabani alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi, kichwa kimeinama, midomo imekaza.

"Sasa unasikia inalia? Inataka ya pili. Ngoja. Ondoa mafuta, vuta wenzo nyutro. Usiingize. Ngoja sauti ishuke. Ngoja. Ngoja. Ingiza."

Wenzo ukaingia bila mkwaruzo. Sikuamini. Nimeendesha lile gari miaka minne na sijawahi kuingiza gia kwa ulaini ule hata klachi ikiwa nzima. Kushusha gia ndiko kulikuwa kugumu: nyutro, unapiga resi kidogo, unasikiliza sauti ipande mpaka mahali pake, unaingiza. Ukiwahi, inakwaruza na kukataa. Ukichelewa, mlima umekwishakuua. Mara ya kwanza nilichelewa, tukarudi tena tambarare. Mara ya pili nikawahi. Mara ya tatu aliposema "Ingiza" mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda.

"Umesikia mwenyewe," akasema.

"Nimesikia."

Na kweli nilisikia. Ndani ya ule mngurumo niliouzoea kulikuwa na kitu kama ngazi, na kila gia ilikuwa na kidato chake. Miaka yote hiyo klachi ilikuwa inanizuia nisiisikie.

Njia yote aliijua. "Kona ya kulia, ndefu. Sasa pana shimo, kaa kushoto." Nilikuta shimo. "Sasa jiwe." Nilikuta jiwe. Kisha akasema, "Nyoosha moja kwa moja," na mbele yangu barabara ilikuwa inakata kushoto kwenye karavati jipya, na moja kwa moja hapakuwa na kitu ila genge. Nikakata usukani. Gurudumu la nyuma likapita juu ya hewa kwa muda mfupi, likarudi.

"Wamehamisha barabara," nikamwambia.

Uso wake ulibadilika. Akajipangusa kwa kofia. "Basi tangu sasa macho yawe yako, masikio yangu," akasema, na hakutaja tena kona hata moja.

Shida nyingine ni kwamba hatukuweza kusimama. Tukisimama mlimani hatuondoki. Karibu na kijiji tulichokuwa tunakwenda tukakuta kundi la watu kando ya barabara, wanawake kwa wanaume, wamevaa vizuri, wanapunga mikono. Nikapunga nami nikaendelea. Wakapiga kelele. Mmoja akakimbia sambamba na dirisha langu. "Simameni! Simameni!"

"Siwezi!" nikamjibu. "Shikamoo! Siwezi!"

Bibi akaona aibu hadi akajifunika kanga usoni. Tuliwapita, tukawaacha kwenye vumbi letu. Nilisimama kileleni, penye uwanja wa shule, na watu wa pale wakatuuliza kama hatukuwaona wenyeji wetu. Walikuwa wamekaa kando ya barabara tangu asubuhi kutupokea.

Pangoni

Walipofika, wengine kwa pikipiki na wengine kwa miguu, aliyekuwa mbele ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye hatua za mtu anayelima. Ndiye aliyekuwa akikimbia kando ya gari langu. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza habari za klachi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika magoti.

"Sisi tulidhani mmetuona sura mkaghairi," akasema. Akamgeukia Bibi, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Mimi naitwa Siwema."

Bibi Somoe akamtazama. "Siwema wa nani?"

"Wa hapa. Mama yangu naye Siwema. Na binti yangu wa kwanza. Kila nyumba ya ukoo huu, msichana wa kwanza ni Siwema. Njoo tukuonyeshe kwa nini."

Pango liko mwendo wa saa moja kutoka kijijini. Bibi alibebwa kwenye kiti, watu wanne wakipokezana. Nilitarajia shimo la kujibanza. Mdomo wake ni mkubwa kuliko msikiti wetu wa Morogoro. Mizizi imening'inia kutoka juu kama kamba za meli, popo wanaruka ndani kwa ndani, na baridi inakutokea usoni kabla hujaingia. Nilipopiga hatua chache nikageuka, na watu waliosimama mlangoni walikuwa wadogo kama punje. Mtu huko ndani anajiona si kitu. Nilifikiria watu wanaokaa humo bila moto, na watoto wanaozuiwa wasilie.

Siwema alisimulia akiwa amesimama, na hakuharakisha.

Alisema mama wa yule mtoto alikuwa mlangoni pa pango akingoja maji. Aliona yote kutoka juu. Aliona mtoto kijitoni, akaona askari, akaona mtoto anatupa kibuyu. Mtoto aligeuka mara moja kutazama upande wa pango. Kisha akakimbia upande mwingine, chini, kuelekea bondeni kweupe, na askari wote wakamfuata. Milio ya bunduki ikazidi kwenda mbali mpaka ikapotea. Giza lilipoingia, watu wote wakatoka pangoni wakahamia kwingine. Hakuna aliyekufa siku ile. Baadaye njaa iliwaua baadhi. Waliopona walipona kwa ndiga, ile mizizi ya porini inayoua usipoiloweka siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka. Mtoto hakurudi. Wakamsomea arobaini bila maiti.

"Sisi sote unaotuona," Siwema alisema, "ni wa watu wa pango hili. Yeye ndiye aliyewaondolea askari."

Bibi Somoe alikuwa amekaa juu ya jiwe. Nilidhani atalia. Lakini aliposema, sauti ilikuwa kali.

"Msimpambe mama yangu. Mimi namjua. Alikimbia kwa hofu. Aliniambia mwenyewe, alikuwa mtoto, aliogopa, akakimbia."

Siwema akachuchumaa mbele yake. "Bibi. Mtoto akiogopa hukimbilia wapi?"

Bibi akainua uso.

"Mama yake alikuwa pale juu, anamwona. Njia ya kurudi alikuwa anaijua. Mtoto gani wa miaka minane akiogopa hakimbilii kwa mama yake?"

Popo walikuwa wanapita juu yetu. Mzee Shabani, aliyeshikwa mkono na binti yake aliyekuja kumpokea, alivua kofia. Bibi akatazama nje, kule kweupe, mahali bonde linapoanzia. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hilo hakuwahi kuniambia." Na baada ya kidogo, "Labda alilisahau."

Ndipo akalia, na wale wanawake wakamzunguka, na mimi nikatoka nje kwa sababu nami sikuwa najiweza.

Kushuka

Tulikaa siku nne. Tulilishwa kuku, mbaazi, ugali wa muhogo, na siku moja ndiga, iliyolowekwa vizuri kwa ajili yetu, chungu kidogo ulimini. Bibi aliimaliza sahani yote. Fundi wa Ikwiriri alikuja mwenyewe kwa pikipiki na pampu sahihi, akaifunga chini ya saa moja, na akanitazama kwa namna nyingine kabisa nilipomwambia nimepandaje. Mzee Shabani alibaki kwa binti yake. Tulipoagana aliniambia nisizoee tena uvivu wa klachi, nami nikamwahidi.

Nafasi yake garini ilichukuliwa na Siwema. Alitaka kuona mahali marehemu alipolala. Hakuwa amewahi kufika delta. Mtoni alishika mkono wa Bibi. Kwenye tope la mwisho nilipita bila kugusa klachi, na nilipoegesha alikuwa ameloa jasho kuliko mimi.

Mbuchi tulifika baada ya swala ya adhuhuri. Hakutaka kupumzika wala kula. Akaenda moja kwa moja kaburini, akasoma Fatiha, akaketi chini miguu imenyooshwa, kama mtu aliyefika kwa ndugu yake. Akaanza kusema kwa Kimatumbi. Alisema bila kusita, kwa utaratibu, akiinua kidole kimoja baada ya kingine. Nikamuuliza Bibi anasema nini.

"Anampa habari za nyumbani," Bibi akaninong'oneza. "Kaanzia kwa mama yake. Aliishi miaka mingapi baada ya vita, alilima wapi, alizaa tena wangapi. Sasa anamtajia watoto wao, mmoja mmoja. Nani alioa wapi. Mwaka gani mvua ilikosa. Nani alijenga shule."

Watu wa Mbuchi walikuja wakakaa pembeni. Wengine walileta mikeka, mwingine akaleta maji ya kunywa, Siwema akanywa akaendelea. Maji yalijaa mpaka ukingoni, yakakaa, yakaanza kupwa. Hakuna aliyeondoka. Adhana ya magharibi ilipolia alikuwa amefika kwa wajukuu. Akanyamaza, akaenda kuswali pamoja nasi. Kisha akarudi, akaketi palepale, akauliza alikuwa ameishia kwa nani.